Kichochoro Kisicho na Namba

Kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa Tanzania Bara hubeba ndani ya bei yake tozo ya barabara. Mwenye gari huilipa akiwa kituo cha mafuta. Asiye na gari haioni, ila naye analipa. Mama lishe wa Tandale anapopanda daladala alfajiri kwenda Soko la Mabibo, tozo imo kwenye nauli. Nyanya anazonunua zimekuja kwa lori, kwa hiyo tozo imo kwenye bei ya nyanya. Unga, mkaa, mafuta ya kula, vyote vimesafirishwa kwa dizeli iliyokwisha kutozwa. Kisha anarudi nyumbani na ndoo kichwani, anaacha lami, anakata kona kati ya kuta mbili za matofali, na kuanzia hapo hadi mlangoni kwake hakuna hata shilingi moja ya ile tozo iliyowahi kutua.

Vichochoro vya namna hiyo viko Tandale, Manzese, Vingunguti, Buguruni, Keko, Mbagala. Upana ni wa watu wawili kupishana kwa kugeuza mabega. Katikati au pembeni unapita mfereji wa wazi wenye maji ya sabuni na ukoko wa vyombo. Mahali mfereji ulipokula ukingo, wakazi wameweka ubao au tairi lililojazwa mchanga, na aliyeweka hajulikani, lakini kila mtu anajua asikanyage upande gani. Ukutani kuna mstari wa rangi ya tope unaoonyesha maji yalifika wapi masika iliyopita. Mtoto wa shule ya msingi hupita hapo mara mbili kwa siku, na mgonjwa wa usiku hubebwa hapo hadi bajaji inapoweza kufika.

Watu wengi hudhani njia kama hiyo imekosa fedha kwa sababu nchi ni maskini, au kwa sababu kiongozi fulani amelala. Umaskini upo na uzembe upo. Lakini sababu ya kwanza ni nyepesi kiasi cha kuudhi: kichochoro hakina namba. Hakimo kwenye daftari la barabara, na fedha za barabara hufuata daftari.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Mfuko wa Barabara, iliyopata sura yake ya sasa mwaka 1998, inataka angalau asilimia 90 ya makusanyo ya Mfuko, ambamo tozo ile huingia, iende kwenye matengenezo, na si zaidi ya asilimia 10 kwenye ujenzi mpya. Ni sheria yenye busara kubwa. Ilitungwa baada ya miaka mingi ya kujenga na kutelekeza, wakati barabara zilizogharimu mabilioni zilikuwa zimerudi kuwa mashimo kwa kukosa mtu wa kuziba nyufa. Ila matengenezo hayo ni ya barabara zilizoainishwa, yaani zilizopangiwa daraja na kuandikwa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ndiyo inayopanga madaraja: kuna barabara kuu na barabara za mikoa, ambazo ziko chini ya TANROADS, na kuna barabara za wilaya, ambazo tangu Julai 2017 ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Kabla ya hapo barabara za wilaya zilikuwa mikononi mwa wahandisi wa halmashauri. Kwa miaka mingi mgao wa Mfuko ulikuwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, na asilimia 30 kwa zile nyingine zote.

Ofisi ya TARURA ya wilaya huweka kumbukumbu za kila barabara kwenye mfumo wa kompyuta uitwao DROMAS. Kwa kila barabara kuna jina, namba, inapoanzia, inapoishia, urefu, upana, aina ya tabaka la juu (lami, zege, changarawe au udongo), hali yake, na makalavati yaliyopo. Mhandisi anapoandaa mpango wa mwaka hafikirii mtaa kama wewe na mimi tunavyoufikiria, tukikumbuka duka la fulani na kona ya msikiti. Anafungua orodha. Kwa kila mstari wa orodha anapanga aina ya kazi: matengenezo ya kawaida, kama kufyeka, kuzibua mitaro na kuziba mashimo, matengenezo ya muda maalum, pale tabaka zima linapohitaji kurudishwa, au matengenezo ya sehemu korofi, ambapo barabara nzima inapitika isipokuwa pale kwenye bonde. Njia isiyo kwenye orodha haiwezi kuwa nzuri wala mbovu. Haiwezi hata kunyimwa fedha, kwa sababu haikuomba.

Nguvu ya daftari ilionekana wazi mwaka 2021. Mtandao wa barabara za TARURA, ambao kabla ya hapo ulihesabiwa kuwa kilomita 108,946, ulisajiliwa upya kwa tangazo la serikali na kufika zaidi ya kilomita 144,000. Hizo kilomita 35,000 na ushei hazikujengwa mwaka ule. Zilikuwapo, watu walizipita kwa miguu, kwa baiskeli na kwa matrekta. Kilichobadilika ni kwamba zilitambuliwa. Mwaka huohuo bajeti ya serikali ikaongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Mimi nauhesabu mwaka ule kuwa wa maana kuliko miaka mingi ya uzinduzi wa madaraja makubwa, kwa sababu orodha ilipanuka na fedha zikapanuka pamoja nayo.

Lakini kichochoro cha Tandale hakikuingia. Na hapa lawama haiwezi kutupiwa mhandisi peke yake. Mfumo mzima umejengwa juu ya gari. Barabara hupimwa kwa kuuliza gari gani litapita na mangapi kwa siku. Njia ya upana wa mita mbili haipitishi greda wala rola la kushindilia, kwa hiyo haina nafasi kwenye fomu. Kuipanua hadi ipite gari kunahitaji kuvunja kuta za watu, na kuvunja kuta kunaleta fidia, na fidia humeza bajeti kabla ya koleo la kwanza la zege. Mhandisi mwenye akili timamu anaiona hesabu hiyo na kugeukia barabara nyingine.

Kosa liko kwenye dhana kwamba njia lazima ipanuliwe ndipo itengenezwe. Chukua kichochoro cha urefu wa mita 300 na upana wa mita 2. Eneo lake ni mita za mraba 600. Ukimwaga zege la unene wa sentimita 10, unahitaji mita za ujazo 60, ambazo zitakula mifuko ya saruji inayokaribia 400, pamoja na mchanga na kokoto. Ongeza mfereji wa kufunikwa upande mmoja. Hakuna greda, hakuna lami ya moto, hakuna nyumba inayobomolewa. Kazi ni ya mafundi na vibarua wenye mikokoteni, na wengi wao wanaishi mtaa huohuo. Zege hilo, likijengwa juu ya udongo ulioshindiliwa vizuri na maji yakapewa pa kwenda, litadumu miaka mingi kwa sababu mzigo wake mkubwa kuliko wote ni mkokoteni wa maji.

Uzito ni jambo ambalo wananchi wengi hawaambiwi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wahandisi wa Marekani walijenga barabara za majaribio karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, wakapitisha malori juu yake mchana na usiku hadi mwaka 1960. Walichogundua bado kinatumika kusanifu barabara duniani kote: madhara hukua kwa kasi ya kutisha uzito unapoongezeka, takriban kwa kipeo cha nne. Ekseli ya tani 10 huumiza barabara mara zipatazo 10,000 kuliko ekseli ya tani 1. Lori moja la mchanga linaloingia mtaani kwa ajili ya msingi wa ghorofa ya mtu mmoja linaweza kuiumiza barabara kuliko bajaji zote za wiki nzima. Watembea kwa miguu, ambao ndio wengi, hawaiumizi kabisa. Wanaotumia njia zaidi ndio wanaoiharibu kidogo, na ndio waliosahaulika kwenye mpango.

Ramani nazo tunazo. Agosti 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wa Tandale walitembea na vifaa vya GPS wakichora kila njia, choo, bomba na dampo, na kuweka ramani yao mahali pa wazi ambapo yeyote anaweza kuitazama. Mwaka 2015 kazi hiyo ikakua kuwa Ramani Huria, chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na vyuo vikuu pamoja na wadau wengine, ikafika kata nyingi za Dar es Salaam na kuchora mitaro na maeneo yanayofurika. Kwa hiyo vichochoro vinajulikana. Unaweza kuviona kwenye simu ukiwa umekaa kwenye kigoda. Ila ramani ya wananchi na daftari la TARURA ni vitu viwili, na kuvuka kutoka kimoja kwenda kingine kunahitaji sahihi za watu kadhaa na kikao chenye muhtasari.

Kikao hicho kina majira yake, na anayeyakosa hukosa mwaka mzima. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Bunge hukaa Dodoma kujadili bajeti kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, lakini kufikia hapo orodha za wilaya zimekwisha kufunguliwa na kufungwa. Mapendekezo yameanzia kwenye mitaa, yakapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, yakafika baraza la madiwani na ofisi ya TARURA, kisha yakapitishwa kwenye ngazi ya mkoa. Mwenyekiti wa mtaa anayepeleka malalamiko mwezi wa nne, masika ikiwa imepamba moto na wakazi wakiwa na hasira, amefika wakati mlango umefungwa. Ataambiwa asubiri fedha za dharura. Maombi yanayopata fedha ni yale yaliyoandikwa kati ya Septemba na Desemba, wakati vumbi linatimka na hakuna anayekumbuka mafuriko.

Na fedha zikishapitishwa, kalenda haijamaliza kutuumiza. Julai na Agosti hupita kwenye kutangaza zabuni na kuchambua. Fedha kutoka Hazina hazishuki kwa mkupuo, zinakuja kadiri makusanyo yanavyoingia. Mkandarasi anasaini mkataba, tuseme Oktoba, vuli inaanza. Akichelewa kulipwa malipo ya awali, anaanza kazi Januari, na Machi masika inamkuta amechimba tabaka la chini na hajafunika. Udongo ulioloa haushindiliki. Aliyekuwa amechonga barabara anajikuta amechonga tope. Wakazi humwona mkandarasi mwizi, naye huiona serikali mdaiwa sugu, na wote wawili wana kesi. Kinachotakiwa ni usanifu na zabuni vikamilike kabla ya Julai, ili kazi zote za udongo zifanyike katika miezi mikavu ya Julai hadi Septemba. Ofisi inayofanya hivyo itapata barabara ndefu zaidi kwa fedha zilezile.

Mwaka 2021 serikali pia ilitoa shilingi milioni 500 kwa kila jimbo la uchaguzi kwa ajili ya barabara. Kwa wilaya nyingi za vijijini ilikuwa neema ya kweli. Lakini tufanye hesabu ya Dar es Salaam. Wakati huo mkoa ulikuwa na majimbo 10 kati ya 214 ya Bara. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 mkoani humo, kati ya watu 59,851,347 wa Tanzania Bara. Mgao wa jimbo kwa jimbo ulimpa mkazi wa Dar es Salaam kama shilingi 930, na mkazi wa mikoa mingine kama shilingi 1,870. Mbunge wa Namtumbo atajibu kwamba jimbo lake lina kilomita nyingi kuliko Mbagala, na anasema kweli. Lakini kipimo cha kilomita za gari kinamwacha nje mtu wa mjini ambaye njia yake ni fupi na inapitwa na maelfu kila siku. Kama mgao ungepimwa pia kwa idadi ya watu wanaopita, kichochoro kimoja cha Manzese kingezishinda barabara nyingi za lami.

Miradi mikubwa imesaidia, na ingekuwa dhuluma kutoisema. Mradi wa Uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam (DMDP), ulioanza mwaka 2015 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300, ulileta barabara za lami na za zege, taa na mitaro ndani ya makazi yaliyokuwa hayajapimwa, na ukaujengea Mto Ng'ombe kingo zake pale ulipokuwa ukiingia majumbani mwa watu. Aliyeifahamu Tandale kabla na baada anajua tofauti. Mradi wa mabasi ya mwendokasi nao, ulipoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, ulikuja na njia pana za watembea kwa miguu pande zote za Barabara ya Morogoro, na mwaka 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Njia zile zilijengwa kwa sababu zilikuwamo kwenye mchoro tangu siku ya kwanza. Lakini abiria wa Manzese anafika kituoni akiwa na tope hadi kifundo cha mguu, kwa kuwa mchoro uliishia ukingoni mwa barabara kuu. Mradi huja mara moja na kuondoka. Mfuko wa Barabara hurudi kila Julai. Ndiyo maana ninaung'ang'ania Mfuko.

Mfano wa nyumbani tunao, na umekuwepo muda mrefu. Mwaka 1994, Hanna Nassif, mtaa wa Kinondoni ulio kando ya bonde la Msimbazi, ulianza kuboreshwa kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wafadhili wengine. Wakazi waliunda chama, chama kikasaini mkataba, na watu wa mtaa wakachimba mitaro na kutengeneza njia kwa malipo. Mtaro ulipewa uzito uleule wa barabara. Hilo ndilo fundisho ninalolithamini zaidi, kwa kuwa Dar es Salaam barabara hazifi kwa magari tu. Huuawa na maji. Lami iliyolala bila mtaro wa kupokea mvua hunyonya maji pembezoni, tabaka la chini linalainika, kisha gari la kwanza zito linatoboa. Ukiona viraka juu ya viraka mahali palepale kila mwaka, angalia pembeni: kuna mtaro uliozibwa na mifuko na mchanga, au hakuna mtaro kabisa.

Sheria ya sasa inaruhusu namna hiyo ya kazi kurudi kwa upana zaidi. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, taasisi za umma zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya manunuzi yao kwa vikundi maalum vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kuzibua mtaro, kufyatua mifuniko ya zege, kupanga pevingi, hizo ni kazi ambazo kikundi kilichosajiliwa cha mtaani kinaziweza. Kinachokosekana ni mstari kwenye mpango wa mwaka wenye jina la njia, ili kuwe na kitu cha kuwapa mkataba.

Kwa hiyo ninapendekeza jambo lisilohitaji sheria mpya. TARURA iwe na daraja la njia za miguu ndani ya barabara za wilaya, lenye namba zake kwenye DROMAS, likipimwa kwa watu na si kwa magari. Kila wilaya ya mjini itenge sehemu ya bajeti yake ya matengenezo kwa daraja hilo, hata kama ni ndogo mwanzoni, na isiruhusiwe kuhamishwa katikati ya mwaka kwenda kuziba pengo la barabara nyingine. Diwani, ambaye tangu 2017 hana tena mhandisi wa barabara chini ya baraza lake lakini bado ndiye anayegongewa mlango usiku maji yakiingia, apewe orodha ya njia za kata yake na hali ya kila moja, ibandikwe kwenye ofisi ya kata ambapo mpangaji na mwenye nyumba wote wataisoma.

Mtaa usisubiri daraja hilo litangazwe. Septemba, mjumbe mmoja ashike futi kamba, mwingine daftari. Waandike njia inapoanzia na inapoishia, urefu, upana mahali pembamba kuliko pote, maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, na kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi wahesabu watu wanaopita. Wapige picha ya ule mstari wa tope ukutani, na futi kamba ikionekana kando yake. Mkutano wa mtaa upitishe, muhtasari usainiwe, nakala iende kwa mtendaji wa kata na nyingine kwa meneja wa TARURA, na ofisi igonge mhuri wa kupokea kwenye nakala inayobaki. Mhandisi akipata karatasi yenye vipimo hulazimika kuijibu kwa vipimo, ama aiingize njia kwenye orodha ama aandike kwa nini haiingii.

Njia ikishapata namba, kazi yake ya kwanza kila mwaka isiwe zege. Iwe kuzibua mtaro, na mkataba wa kikundi uandikwe hivyo waziwazi: mchanga uliotolewa usiachwe ukingoni, ubebwe siku ileile hadi sehemu iliyotajwa, kwa sababu mchanga ulioachwa ukingoni hurudi mtaroni na mvua ya kwanza. Ukaguzi ufanywe na mwenyekiti wa mtaa pamoja na fundi wa TARURA, wakitembea mtaro mzima hadi unapomwaga, na kikundi kilipwe kabla Februari haijaisha.